Griffins na Maiti ya Kadi

Ilikuwa mwaka wa 2023, katika kipupwe cha Julai, Nyeri ikijifunika ukungu hadi saa nne. Griffins, fundi kwa kujitangaza, mlokole mbele za watu na mwizi kwa mazoea, alisikia kwamba intaneti ambayo Mama Rehana aliyauzia maduka ya mjini ilikuwa ikikatika ovyo. Akatabasamu. Huko Tetu, mteja wake Simeon alikuwa amekwisha kumlipa fundi huyo mtamba mzima kwa ahadi ya kadi ya rauta, kile kipande cha ndani kinachopitisha intaneti. Mtamba alikuwa uani kwa Griffins, kadi haikuwapo. Sasa ilikuwa imepatikana. Ilibaki tu kuitenganisha na mwenyewe.

Akapanda ngazi hadi ofisini kwa Rehana, akaliinamia kasha la rauta kama daktari aliyeitwa kwa mahututi. Mara akaona kwamba vumbi lilikuwa limezisonga feni, na joto ndilo lililoleta balaa yote. Akazisafisha kimyakimya. Kisha akabana vishikizo viwili, akaivuta kadi nzima kama mtoto wa meza, akaguna.

"Pole, Mama. Hii imekufa."

Mahali pake akasukuma kadi yake kongwe, ambayo mikwaruzo yake alikuwa ameifunika kwa rangi ya kucha. Taa zikawaka.

"Mashallah," akasema Rehana. "Hiyo ya zamani niachie."

"Nitakutupia, Mama. Ina sumu."

"Fundi wa gari langu huniachia spea ya zamani, na yeye hunywa pombe. Wewe mlokole unashindwa nini?"

"Basi niuzie. Elfu tano."

"Maiti? Ya kazi gani?"

"Nawafundishia vijana."

"Vijana wana bahati. Elfu ishirini. Na pesa za simu sitaki, nataka noti."

Griffins, aliyejiona mbweha bandani mwa kuku, akateremka ngazi mbio kwenda kutoa noti kwa wakala wa pesa za simu. Aliporudi akalipa, akakabidhiwa kifurushi cha gazeti kilichofungwa kamba. Kwa furaha alisahau hata kudai ujira.

Akapanda pikipiki yake hadi Tetu, na huko Simeon akaikata kamba.

"Ati hii ndiyo kadi? Hii kitu imezeeka kuliko mimi! Na nani ameipaka rangi ya kucha?"

Griffins akaitambua, kama mzazi amtambuavyo mwana aliyemkana. Akapiga simu.

"Mama! Umenipa kadi yangu!"

"Na yangu imerudi mahali pake, na maduka yote yana intaneti," akajibu Rehana. "Ulipokwenda kutafuta noti nilivuta, nikasukuma. Nani hununua maiti kwa elfu ishirini, kijana, kama haipumui bado? Kashtaki, nije nieleze polisi."

Huo ndio ukomo wa akili za mjini: mtu kununua takataka yake mwenyewe, kwa fedha taslimu, akiwa timamu.

Simeon alikuwa amekwisha kuchomoa ufunguo wa pikipiki ya mgeni wake.

"Hii itabaki kwangu mpaka ng'ombe yangu irudi."

Jioni ile Griffins alionekana akipanda mlima wa Tetu kwa miguu, suti imeloa umande, matope yamemfika magotini, akimvuta mtamba aliyesimama kila penye nyasi. Simeon alimkagua mnyama mdomo na kwato, akamfunga zizini, ndipo akamtupia Griffins ufunguo wake.