Pingamizi Dhidi ya Mashine Inayofuta Kila Jumapili

Kwa Msimamizi Mkuu wa Seva ya Familia,
Wanale, Mbale.

Mheshimiwa Msimamizi, ambaye pia ni binti yangu Nandutu,

KUH: KUFUTWA KWA MAFAILI YASIYO NA HATIA

Goti langu linaendelea vizuri na mvua imenyesha, kwa hiyo niingie moja kwa moja kwenye malalamiko.

Ulipokuja Pasaka uliniwekea seva juu ya kabati la vyombo hapa kwangu Walukuba, itunze picha, sauti na filamu za familia. Ulinieleza kwamba ndani yake kuna kontena, kila kazi na kontena yake, ili moja ikiugua isiambukize nyingine. Nilielewa mara moja. Ndivyo tulivyopanga seli miaka yote niliyotumikia magereza, na niliipokea mashine ile kwa heshima.

Wiki hii nimepata ilani kwenye simu. Inasema diski imejaa, na kwamba umeongeza kontena nyingine ambayo kazi yake ni kuamka kila Jumapili saa nne asubuhi na kufuta faili lolote ambalo halijafunguliwa kwa miezi mitatu. Kwa unyenyekevu mkubwa, napinga, kwa sababu zifuatazo.

1. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Hata mwizi wa kuku alisomewa mashtaka yake kabla hatujamvua mkanda. Mashine yako haisomi kitu. Inatazama tarehe, basi. Nimekaa na maafande wakali sana, lakini hakuna aliyewahi kumhukumu mtu kwa sababu amekaa kimya.

2. Mafaili haya hayajatelekezwa. Kila asubuhi baada ya chai nachukua simu na kuyahesabu kwa majina, juu hadi chini, kama tulivyohesabu wafungwa. Yote yanaitika. Hakuna lililotoroka tangu Pasaka. Siyafungui, kwa sababu askari mwenye akili hafungui seli bila sababu. Sasa mashine inasema kuhesabu si kitu, inataka kufungua tu. Hiyo si kanuni ya ulinzi, mwanangu, hiyo ni tabia ya wageni.

3. Saa nne ya Jumapili tuko kanisani. Mimi nitakuwa nimesimama na kitabu cha nyimbo mkononi, huku nyumbani kwangu watu wanafutwa. Hata kama mashine haina dini, inakaa kwenye nyumba yenye dini.

4. Yupo pia jirani yetu Kirunda, ambaye tunamhifadhia filamu ya kwanjula ya binti yake, siku wakwe walipokuja kujitambulisha na ng'ombe mmoja. Hakuna anayeifungua, kwa sababu ni ndefu na nusu yake ni hotuba. Ikifutwa, wakwe wataanza kusema walileta ng'ombe wawili. Ndoa ikivunjika, italazimu tuieleze mahakama kwamba diski ilikuwa imejaa.

5. Tukikubali kanuni hii, haitaishia kwenye kabati la vyombo. Chumba chako cha zamani hakijafunguliwa tangu Pasaka. Suti yangu haijafunguliwa tangu mazishi. Mimi mwenyewe, nikihesabu vizuri, mara ya mwisho kufunguliwa na mtu wa ukoo wangu ni Pasaka hiyohiyo. Naomba nipewe barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba hakuna ratiba yoyote iliyopangwa juu yangu, na kama ipo, isiwe Jumapili.

6. Hili la mwisho nalisema bila mzaha. Katika orodha ya watakaofutwa nimeona faili linaloitwa "Gorreti, sauti". Ni ujumbe wa mama yako. Aliutuma siku ile ya ubatizo wa mtoto wako, mimi nikiwa kwako Mbale. Nilisikia "Baba Nandutu" tu, kisha ngoma zikameza mengine, nikasema nitausikiliza vizuri nikifika nyumbani. Nilipofika, majirani walikuwa wameshampeleka hospitali, na hakurudi. Sijaufungua tena mpaka leo. Naogopa, Nandutu. Nikishausikiliza, hatakuwa na neno jipya la kuniambia tena. Lakini kila asubuhi nalisoma jina lake na linaitika, na hilo linanitosha kunywa chai.

Kwa hiyo naomba kontena hiyo ya kufuta isimamishwe mara moja, lisifutwe faili lolote, la zamani wala jipya, hata zile filamu za mpira ambazo matokeo yake tunayajua, na inunuliwe diski kubwa zaidi.

Nisalimie mumeo, watoto, na mama mkwe wako. Zisalimie kontena zote isipokuwa ile moja.

Wako katika ulinzi,
Yekosofati Wangila,
Sajenti wa Magereza (mstaafu).

Nyongeza: Kabla sijampa dereva wa basi la Mbale barua hii, nimesoma ilani yako tena mpaka chini. Kumbe faili likifunguliwa, hesabu yake inaanza upya. Basi nikafunga mlango, nikakaa, nikaufungua ujumbe wa mama yako. Unajua sisi wawili tulikuwa wa makabila tofauti, yeye Mteso na mimi Mgisu, lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha kambi ya magereza. Anasema hivi: "Baba Nandutu, ile magazeti yako yote mimi nimetoa kwa stoo. Ile buti ya jela pia. Nimechoma. Kitu hutumii, inakaa ya nini? Ukitoka Mbale kuja moja kwa moja, usipite kwa Kirunda. Chakula itapoa." Buti zile nimezitafuta hadi leo nikimshuku Kirunda, na kesho nitakwenda kumwomba radhi. Lakini pale sebuleni nilijikuta nimesimama wima, mikono ubavuni, nikajibu kwa sauti kwamba nimesikia.

Naondoa pingamizi zote sita. Acha mashine ifute, ianze na mpira. Hilo moja la mama yako usiliwekee ulinzi wowote. Nitalifungua mwenyewe kila Jumapili, kabla ya saa nne.