Rundo la Makaa Makavu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Msimamizi wetu wa zamu anastaafu. Mhandisi ametangaza kwamba nafasi yake inagombewa na watu wawili: mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Atakayeshikilia presha ya mvuke vizuri wiki hii ndiye atakayekipata kile kiti. Haki gani hii? Nimelisha boila hizi makaa ya mawe tangu shemeji hajajua koleo linashikwa upande gani. Lakini ana meno meupe, na wakubwa hupenda meno. Dhuluma hii haitapita nikiwa hai.

Jumanne, tarehe 5

Mvua tangu alfajiri. Makaa uani yamelowa chepechepe, isipokuwa yale ya chini ya paa. Nimepata wazo. Zamu yangu ni ya asubuhi, ya shemeji ni ya mchana. Nimemwagiza dereva wa tingatinga ayahamishe makaa makavu yote nyuma ya karakana, yawe yangu. Akauliza kama ayashindilie, maana makaa yakirundikwa yakiwa yamelegea hupata moto yenyewe kwa ndani. Nikamjibu sikumwomba mhadhara. Nimeyafunika turubai kwa mikono yangu, nikakaza kamba. Shemeji na achome matope.

Jumatano, tarehe 6

Imefaulu. Mshale wa presha ulilala mchana kutwa. Shemeji alilowa jasho mpaka viatuni. Akanifuata, akaniuliza kwa upole makaa yamekuwaje. Nikamwambia makaa hayana tatizo, tatizo ni mkono unaoyalisha.

Kiwanda cha karatasi, ng'ambo ya ukuta, hukausha karatasi kwa mvuke wetu. Leo karatasi ilifika mwisho ikiwa mbichi, ikakatika, ikaunganishwa, ikakatika tena. Mke wangu anafanya kazi huko, kwenye silinda za kukaushia. Amerudi na bendeji mkono wa kulia. Alikuwa anachomoa karatasi iliyonasa, akagusa chuma cha moto.

Nimemvua viatu. Nimemkatia mkate. Nimemweleza kwa utaratibu kwamba yote haya yametokana na uzembe wa kaka yake. Akauchukua mkate kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi, tarehe 7

Moshi nyuma ya karakana. Rundo langu limekuwa likiungua ndani kwa ndani. Nikavuta mpira wa maji, nikamwagia; wingu la mvuke likanifukuza hadi getini. Shemeji, ambaye zamu yake haikuwa hata imeanza, akaita tingatinga, makaa yakatandazwa chini yapoe, kisha yakashindiliwa. Sehemu kubwa ilikuwa imeshakuwa majivu.

Mhandisi akauliza ni nani aliyerundika namna hii. Dereva akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama mawingu. Shemeji akasema, "Ni sisi wote, Mhandisi. Tulitaka yasilowe."

Alinikinga. Mbele ya watu. Sijawahi kutukanwa kiasi hiki.

Ijumaa, tarehe 8

Kiti amepewa yeye. Mimi nimehamishiwa uani, kusimamia ushindiliaji wa makaa. Wanaonifahamu wananipa pole kwa sauti ya msibani, na habari za rundo zimeshavuka ukuta hadi kiwanda cha karatasi.

Nyumbani mke wangu alikuwa anajaribu kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kushoto. Nikasogea nimsaidie. Akarudi nyuma.

"Ulijua mvuke ukipungua mimi ndiye nitakayeumia," akasema. "Ulijua, baba watoto."

Nikamwambia chai inapoa. Akaenda kulala kwenye chumba cha watoto.

Jumamosi, tarehe 9

Nimetafakari sana. Mwanamume mwenye akili hujikosoa bila huruma. Kosa langu ni moja tu: rundo lilikuwa linajulikana ni langu.

Sasa mambo ni tofauti. Lolote litakalotokea uani, msimamizi wa zamu ndiye atakayelijibia. Leo tumeshindilia pande tatu za rundo kuu, barabara kabisa. Upande wa nne, unaotazamana na ofisi ya shemeji, nimemwambia dereva auache vivyo hivyo, umelegea. Akanitazama. Nikamwambia atazame kazi, si uso wangu.

Mke wangu anarudi kwenye silinda Jumatatu. Nimemwahidi wiki tulivu.