Taa Yangu Huamka Bila Mimi

Jumatatu, 4 Desemba

Jua lilituaga wiki iliyopita. Halirudi mpaka katikati ya Januari. Mimi sina neno. Nimezaliwa hapa hapa Skarvbukta, kaskazini ya mbali, giza hili ni la kwetu. Kifua kinabana kidogo tu. Na mlima ulio nyuma ya nyumba umesogea. Si sana.

Turid, mke wangu, amerudi kazini leo. Ni mpishi kwenye meli ya pwani. Kabla ya kupanda alinishika kola pale gatini, mbele za watu, akaniambia kwamba nikilala kitandani mpaka jua lirudi, kama mwaka jana, yeye anahamia kwa dada yake kusini na hapa harudi tena. Turid akitania hupiga kelele. Leo hakupiga kelele.

Nikamwambia aondoe shaka, mwaka huu niko ngangari. Akanitaka niende kwa muuguzi Ingunn nikakae mbele ya ile taa yake kubwa nyeupe inayotibu huzuni ya giza na kumweleza ninavyojisikia. Nimekubali. Siendi ng'o! Zahanati iko katikati ya kijiji, kila mtu ataniona nikiingia.

Jumanne, 5 Desemba

Aibu! Nilipitiwa, sikuwasha taa ya dirishani. Hapa kwetu wakati wa giza kila nyumba huwasha taa dirishani watu wanapoamka. Isipowaka, mtu huja kugonga aone kama mwenye nyumba yu mzima. Ni desturi nzuri, waliianzisha babu zetu. Ubaya ni kwamba mwaka huu mgongaji ni Oddmund.

Oddmund ni jirani yangu. Desemba anaogelea baharini. Anapiga mluzi kabla ya chai! Alinikuta na nguo za kulalia, ndevu za siku kadhaa, mswaki sijaugusa. Akauliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Vipi mzee mzima, umeshageuka dubu? Tukuamshe mwezi wa nne?" Akanimiminia kahawa yake bila kuombwa, akasema jua la kweli liko moyoni. Ningekuwa na nguvu ningemtupia kiatu.

Akaondoka akisema meli ikipita atampa Turid salamu zangu. Salamu! Najua maana ya salamu hizo.

Jumatano, 6 Desemba

Nimepata mbinu. Akili yangu bado inachemka jamani!

Kila mtu hapa ana swichi yenye saa, ile ya kupasha moto injini ya gari asubuhi kabla mwenyewe hajaamka. Gari langu halijawaka tangu vuli. Nimeing'oa swichi, nimeichomeka kwenye taa ya dirishani. Saa moja asubuhi inawasha. Saa nne inazima. Oddmund ataona taa. Turid ataiona kutoka baharini. Mimi nitakuwa chini ya mfarishi, na hakuna atakayenisumbua.

Najiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hili. Watu wa hapa ni wazito wa kufikiri.

Alhamisi, 7 Desemba

Ushindi! Oddmund kapita na skii zake, zile mbao za kutelezea theluji, tochi kichwani, mluzi mdomoni. Kaona taa. Hakusimama. Kabla ya saa nne, ule mwanga wa buluu tunaobakiziwa mchana haujaja bado, meli ikapita mdomo wa ghuba na kupiga honi. Turid akanipigia simu. Ameiona taa, akasema, ameona kumbe naamka. Sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya siku za uchumba. Nikamwambia nimeshapasua kuni na kuchemsha samaki. Nilikuwa sijatoa hata mguu nje ya mfarishi.

Jambo moja dogo. Asubuhi swichi ilipolia tiki na mwanga kuingia kwa chini ya mlango, nilikuwa na hakika kabisa kuna mtu sebuleni. Mtu aliyeamka badala yangu. Nilisubiri nisikie akisogeza kiti. Sikusikia. Ila sikwenda kuangalia.

Jumamosi, 9 Desemba

Nina mpinzani. Mama Alfhild, mjane wa ng'ambo ya ghuba, nyumba nyekundu. Dirisha lake linatazamana na langu. Taa yake inawaka sawa na yangu, kufumba na kufumbua, mbili kwa pamoja, na kati yake maji meusi. Siku tatu sasa! Nikalala nikiwa na hasira. Bibi wa miaka themanini na kitu anashindana na mimi kuamka!

Nimeisogeza saa yangu nyuma kidogo. Kesho nitamtangulia.

Jumapili, 10 Desemba

Nimemtangulia. Taa yangu ikawaka, yake giza. Nikatabasamu kitandani. Kisha yake ikawaka, saa moja barabara. Wala haikuhangaika.

Sijui kwa nini hilo halikunifurahisha. Mtu akishindwa hubadilika kidogo, hata kwa kisirani. Nilichukua darubini nikatazama dirishani kwake. Taa, pazia, kiti. Kiti kitupu. Nikatazama muda mrefu. Nikahisi ile taa nayo inanitazama, inaona kiti changu kitupu.

Nimefunga pazia la chumbani. Mlima umesogea tena.

Jumatano, 13 Desemba

Siku ya Lusia, mtakatifu wa mwanga. Watoto wa shule wamepita nyumba kwa nyumba na mashuka yao meupe na mishumaa. Unawasikia kabla ya kuwaona, sauti nyembamba zinatoka gizani pasipo na miili. Kwangu niliwawekea maandazi ya zafarani kwenye ngazi na ujumbe kwamba niko bafuni. Maandazi ya dukani. Kijasho kimenitoka kwa kuvuka sebule tu.

Kwa darubini nikawafuata mpaka kwa Mama Alfhild. Wakaimba. Taa inawaka. Hakuna aliyefungua. Mwalimu wao akaipungia taa mkono, wakaenda zao.

Nikaona kitu ambacho wao hawakukiona. Theluji mlangoni pake ilikuwa nzima mpaka walipoikanyaga wao. Hakuna nyayo za kutoka wala kuingia. Na bomba la jiko halitoi moshi.

Nikajua. Hakuna mtu anayeiwasha ile taa!

Lakini nitasemaje? Wataniuliza nimejuaje. Mtu wa kawaida akiona taa anaona mtu aliyeamka. Anayeona swichi ni mwenye swichi. Oddmund atanitazama, atatazama dirisha langu, na jioni Turid atakuwa anafungasha.

Nikampigia Oddmund. Kwa ujanja. Nikamwambia nasikia Mama Alfhild amekaanga chapati za viazi, anagawa bure, awahi. Akacheka. "Taa yake si inawaka? Mwache bibi wa watu ale kwa amani. Wewe naye, njaa itakuua na mke hayupo!"

Nikakata simu. Nikaketi. Nikasimama. Nikaketi tena. Nikavaa.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye

Nimezunguka ghuba kwa miguu. Sikumbuki mara ya mwisho nilitoka lini. Njia nzima nilisikia mtu akitembea nyuma yangu, nikisimama anasimama. Ni theluji iliyoganda chini ya buti zangu. Bila shaka.

Mlango haukufungwa. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Taa inawaka dirishani, kiti kitupu, na kwenye ukuta swichi ya gari la marehemu mumewe inazunguka, tiki, tiki. Nikaita. Nikaingia ndani zaidi.

Alikuwa chumbani, kitandani, mfarishi mpaka puani. Macho wazi. Nikadhani basi. Nikamgusa paji la uso, na yale macho yakanigeukia! Nikapiga yowe la aibu.

"Zima taa," akasema, sauti imekauka. "Sipo."

Nikamuuliza amekula lini. Hajui. Nikamuuliza anaumwa wapi. Hakuumwa popote, alichoka tu, kila asubuhi alisema ataamka kesho, halafu homa ikamkuta humo humo. Na swichi je? Akanitazama kwa dharau akasema ni kwa sababu ya Oddmund. "Kila siku kunigongea na furaha zake. Nani kamwambia nataka kufurahi?" Nikacheka. Naye akacheka, kisha akaanza kutetemeka na hakuweza kuacha.

Nikawasha jiko, nikamfunika koti langu, nikamwita Ingunn. Boti ya wagonjwa imemchukua. Ingunn anasema angelala hivyo siku nyingine moja angekuwa maiti, tungemkuta na taa yake.

Hayo maneno yamekaa masikioni. Tungemkuta na taa yake.

Ijumaa, 15 Desemba

Mimi ni shujaa! Mkutano umefanyika ukumbi wa vijana wa kijiji, keki, jibini la kahawia, kahawa ya kumwaga. Oddmund amenipiga mgongo mbele ya wote, akauliza nilijuaje. Nikasema ni uzoefu wa kusoma ishara. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Ingunn peke yake alinitazama sana. Akaniambia pembeni kwamba ile taa yake nyeupe haina mtu Jumanne. Nikamshukuru, nikamwambia awape wanaohitaji.

Imekatwa kauli kwamba swichi zote za saa zikabidhiwe kwa Oddmund mpaka jua lirudi. Na kuanzia Jumatatu taa haitoshi. Mwenye nyumba aonekane dirishani kwa macho, ampungie Oddmund anapopita. Nimepiga makofi kuliko wote.

Nimekabidhi swichi yangu. Ile mbovu ya zamani; nzima imebaki dirishani.

Turid amepiga simu. Amesikia habari, anajivuna nami, wote melini wanamzungumzia mume wake. Kisha akauliza taratibu: "Na wewe, Halvard? Unaamka?" Nikasema naamka kabla ya jogoo. Akauliza nilijuaje kwamba taa ya Mama Alfhild inajiwasha. Nikasema ilikuwa inawaka kwa dakika ile ile kila siku, na binadamu haamki hivyo. Nikadhani simu imekatika. Akasema haya, usiku mwema.

Nimemfurahisha sana.

Jumapili, 17 Desemba

Nimeshinda nikitengeneza mtu. Mito miwili, sweta yangu ya sufu, suruali ya uvuvi, kofia. Uso ni soksi nyeupe, macho ya vifungo. Nimemfunga feni ndogo chini ya kwapa, ikizunguka mkono unapanda na kushuka. Leo sikuiunganisha, waya umekatika. Hata asipopunga, Oddmund atadhani naringa kwa ushujaa.

Nimemketisha kitini. Amekaa vizuri kuliko mimi. Hana wasiwasi hata kidogo. Nilipokuwa nakwenda kulala nilimuaga, na nikajikuta nimesimama mlangoni nangoja anijibu.

Jumatatu, 18 Desemba

Naandika nikiwa kwenye banda la mashua. Tochi kichwani, vidole vimekufa ganzi. Shajara hutembea nami ndani ya koti, Turid asije akaisoma.

Asubuhi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikateremka ufukweni nimtazame Halvard wa mito kwa jicho la Oddmund. Saa moja taa ikajiwasha. Lo! Nilipendeza. Mtu mzima, ametulia, yuko macho, anaitazama bahari yake. Oddmund akapita, akampungia, akampigia na mluzi juu yake. Hakugundua! Nilicheka peke yangu gizani mpaka machozi.

Nikabaki pale. Sijui kwa nini. Ilikuwa vizuri kujitazama nikiwa mzima.

Ndipo yule mtu dirishani akageuza kichwa.

Nilisema feni haikuunganishwa. Kamba hakuna. Kichwa kikageuka, taratibu, kikalala begani. Kisha mwili wote ukainuka kitini ukatoweka, na mahali pake akaketi mwingine, akainamisha uso kiooni, akatazama nje pale pale niliposimama. Nikatambaa mpaka bandani.

Nimechungulia kwa ufa. Ni Turid. Koti la melini bado analo mwilini. Lazima amekuja na boti ya posta. Amempakata yule wa mito mapajani, na amelaza kidevu juu ya ile kofia yangu.

Sasa ametoka kibarazani. Anaita jina langu. Sauti inagonga mlima na kurudi, kama kuna wake wawili wanaoniita, mmoja kila upande. Anasema ameacha zamu zote za majira haya. Anasema dakika ile niliyomweleza habari za Mama Alfhild alijua, maana taa yangu nayo alikuwa ameihesabia dakika zake kila meli ilipopita. Anasema haendi kwa dada yake wala popote. Kwa Ingunn tutakwenda wote wawili, tutakaa gizani wote wawili, na nikitaka kulala atalala. Nitokee tu. "Niitikie basi, baba. Mara moja tu, nijue uko hai."

Analia. Miaka yote hii sijawahi kumsikia Turid akilia.

Ninampenda. Miguu inataka kwenda, nimeishika kwa mikono miwili. Kwa sababu nikitoka hapa sasa hivi, na ndevu hizi, na mto mmoja bado ukiwa na alama ya uso wangu, mpango wote utaharibika. Nimepata mbinu bora zaidi. Nikae kimya. Saa nne taa itajizima, ataingia ndani, nami nitatokea kwa mlango wa mbele nikiwa na samaki mkononi, kama mtu aliyeamka mapema akaenda kuvua. Nitashangaa kumkuta. Nitamuuliza huyo wa mito ni nani.

Samaki sina. Nitafikiria.

Nimezima tochi, naandika bila kuona. Aliita mara nyingine, karibu zaidi, upande wa maji.

Ameacha kuita. Nadhani inafanya kazi.