Kibali Nilichokitundika Ukutani

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka nimefunga hoteli saa nane mchana. Nawaandikia kutoka kitandani, nimejifunika shuka mpaka kichwani. (Joto la Bwera na shuka, fikirini wenyewe.)

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Masika, nauza chai na chapati. Wateja wangu hubishania mpira mpaka chai inapoa, basi nikawaanzishia mchezo. Unalipa kiingilio kidogo, unachagua wachezaji kumi na mmoja wa Ulaya, naandika kwenye daftari. Mchezaji wako akifunga bao, unapata pointi. Mwisho wa mwezi mwenye pointi nyingi anaondoka na mbuzi.

Bwambale, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na mchezo kama huo. Ukafungiwa kwa kukosa kibali. Nilimcheka wiki nzima. Nikamwambia mbele ya watu, "Bwambale, mambo ya serikali inataka mutu ya akili." (Ndiyo, nilisema hivyo. Nayakumbuka yote.)

Mbuzi nilimnunua Kitswamba, kwa hiyo kibali nikakitafuta huko huko. Ofisi zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa na foleni. Nikaingia ya tatu, kwa daktari wa mifugo. Serikali si ni moja? Nikamweleza mashindano yote, mabao, pointi, kila kitu. Alinisikiliza kwa heshima.

"Mbuzi iko wapi saa hii?"

"Iko hapa Kitswamba."

"Inaenda wapi?"

"Bwera."

Akaandika, akagonga muhuri. Kile Kiingereza chake cha haraka haraka sikukisoma. Niliona jina langu na muhuri, nikatosheka. Nikaifunika karatasi kwa plastiki ngumu, nikaitundika juu ya meza ya chapati.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya zawadi. Mshindi alikuwa nani? Bwambale. (Huyo huyo. Alijiunga kwangu baada ya mchezo wake kufungiwa.) Mbuzi nilimvisha utepe mwekundu. Watu walijaa mpaka barabarani. Nilikodi hata kipaza sauti.

Akaja dada mmoja na mkoba wake, afisa wa michezo ya kubahatisha kutoka Kasese mjini. Akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Mama, iko kibali?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja mwezi mzima. Nikaishusha karatasi, nikampa. Nikampa na kipaza sauti.

"Soma kwa nguvu, binti yangu. Bwambale asikie."

Akaisoma kimya. Akanitazama. "Mama, nisome kweli?"

"Soma."

Akasoma, akitafsiri polepole. Mwenye karatasi hii anaruhusiwa kusafirisha mbuzi mmoja. Jike. Mweupe. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Kutoka Kitswamba mpaka Bwera. Hana ugonjwa.

Watu wote wakageuka kulitazama sikio. Limekatwa kweli.

"Mbuzi iko sawa," akasema afisa, kipaza sauti bado kiko mdomoni. "Shida iko kwa mchezo."

Akanieleza bila ukali. Ukipokea kiingilio na kutoa zawadi, unahitaji leseni ya bodi ya michezo ya kubahatisha iliyoko Kampala, si muhuri wa daktari wa mifugo. Kanuni ziandikwe zijulikane. Na asiyefika miaka ishirini na mitano haruhusiwi kucheza. (Hapo nusu ya wateja wangu walikumbuka wana kazi nyumbani.) Mchezo ukafungiwa hapo hapo. Viingilio virudishwe, mbuzi asitolewe.

Nilimngoja Bwambale anicheke. Hakucheka. Alimpapasa mbuzi wake, yaani mbuzi wangu, akamfungua ule utepe na kunikabidhi.

"Mama Masika," akasema kwa upole, "mimi walinifungia sababu sikuwa na karatasi. Wewe wamekufungia na karatasi iko mukononi. Kweli uko na akili."

Afadhali angenitukana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimcheka mwenzangu wiki nzima kwa kosa ambalo mimi nililipamba kwa plastiki nikalitundika ukutani. Kesho kabla ya kuwasha jiko nitavuka barabara nikamwombe radhi.

Mkija kunywa chai, tafadhali msiniulize chochote. Na mkimwona mbuzi nyuma ya jiko, msalimieni kwa heshima. Katika mashindano yale yote, ni yeye peke yake aliyekuwa na kibali.