Viti Tisini na Kimoja Vilivyopotea Angani

Kasoli, Bariadi
14 Juni 2008

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka. Kwetu hatuanzi lawama kabla ya salamu, nami natumaini wewe na wa kwako hamjambo. Nilikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika wa pamba hapa Kasoli kwa miaka ishirini na miwili, hadi soko huria lilipotuletea wanunuzi wa pamba wanaokuja na mizani zao wenyewe. Tangu hapo siamini namba yoyote iliyotajwa na mwenye mali mpaka nimeihakiki.

Gazeti lenu la wiki iliyopita limeisifu ndege inayotoka Amerika hadi Uarabuni kwa saa kumi na sita bila kutua. Mmeandika ina viti 210. Chini ya picha mkaandika kwamba ndege ya aina hiyo hiyo, kwenye safari fupi, hubeba watu 301. Nimetoa mara tatu, jibu ni lile lile. Naomba kujua viti 91 viko wapi.

Siulizi kwa umbea. Mwanangu wa kwanza, Masele, anaishi Amerika, na njia yake ya kuja nyumbani ni hiyo hiyo ya Uarabuni. Mama yake, Milembe, alifariki miaka mitatu iliyopita, na kaburi lake bado ni udongo mtupu, maana katika ukoo wetu tofali la kwanza la kaburi la mama huwekwa na mzaliwa wa kwanza. Kila mwaka Masele hupiga simu kusema ndege imejaa. Saruji ya kwanza imegandia stoo, na ya pili imeanza. Inaniuma sana, Mhariri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shirika la ndege linasema viti vimepunguzwa ili ndege ibebe mafuta mengi. Siku Masele anaondoka nilimpima kwenye mizani ya chama: kilo 58, pamoja na viatu. Robota moja la pamba ni Masele watatu na ushee. Ndege inayoshindwa kuongeza mtu wa namna hiyo isingefika hata Mwanza.

2. Kama shida ni mafuta, kwa nini isitue? Hata ng'ombe wanaopelekwa mnadani hupumzishwa njiani wakanywa maji.

3. Eti abiria wa saa kumi na sita anahitaji kunyoosha miguu. Niliazima viti thelathini vya parokia, nikavipanga ghalani kwa vipimo mlivyoandika, kisha nikabana kumi na tatu zaidi ili kufuata uwiano wa 210 kwa 301. Watu wa Kasoli wakakaa saa kumi na sita. Wawili walitoka kwenda kukamua. Hao nimewaandika kuwa walishukia Sudani. Mama Lukresia na shemeji yake Shida, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu mvua za El Nino, walibanana hadi wakapatana. Shirika linawanyima abiria wake faida hiyo.

4. Mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ipeleke karani wa mizani kwenye kila ndege, akahesabu viti kabla haijaruka. Mimi niko tayari. Kiti sihitaji, nitasimama.

5. Viti 91 vikipatikana, kimoja kiandikwe jina la Masele. Tisini vilivyobaki wagawiwe wazazi wengine wa wilaya hii, ambao nao kila mwaka huambiwa ndege imejaa.

Wasalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na wauza magazeti wote mpaka wa Somanda.

Wako katika uhakiki,
Januarius Mayige

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binti yangu Monika, aliyeniona nikihangaika na barua hii siku tatu, amelia na kuniambia ukweli. Masele alikuja Dar es Salaam Desemba, akakaa wiki mbili, akarudi. Alimwambia dada yake kwamba anaona haya kusimama kwenye kaburi la mama ambaye hakumzika. Nafasi kwenye ndege ilikuwepo. Hesabu zangu zote ni bure, na shirika naliomba radhi. Hata hivyo, barua ichapisheni kama ilivyo, ila maneno haya ya chini myaondoe. Masele husoma gazeti lenu kwenye mtandao. Akijua kwamba nimejua, haya itamzidi, na hatakuja kabisa. Mwacheni aone kwamba baba yake bado anazilaumu ndege.