Wiki ya Mabirika

Jumatatu, 4 Machi

Naanza shajara. Mwalimu wa kikundi kasema kila mmoja aandike anavyojisikia. Mimi najisikia vizuri. Kuwashinda wote.

Kikundi chenyewe ni cha kuchora. Tunakutana jioni katika ukumbi ulio nyuma ya duka la mbao. Watu wazima na ndevu zao, kila mmoja kashika penseli kama mtoto wa chekechea! Mezani pana mkebe wa biskuti, ndani vikaratasi, kila kikaratasi na neno. Anayefika wa mwisho ndiye anayechomoa. Neno likishatoka wote wanachora hilohilo, kila mtu kivyake. Halafu picha zinabandikwa ukutani, na kila mtu sharti aseme jema moja kuhusu picha ya mwenzake. Baya haliruhusiwi. Sheria nzuri sana hii. Nimeoa miaka yote hii bila kukutana nayo.

Lakini kilichonileta si penseli. Mke wangu kahamia kwa binti yetu. Ati sijawahi kumaliza kitu maishani. Kanionyesha mlango wa jikoni, nusu kijani, nusu mbao tupu. Kanionyesha banda la kuku lisilo na paa. Kisha likaja lile birika. Niliinjika maji ya chai, nikajinyoosha kidogo tu, birika likaungua kitako. Birika lenyewe lilikuwa dhaifu. Akasema, "Siku utakayomaliza kitu kimoja, mzee, kimoja tu, nitarudi." Akaondoka na mto wake. Wangu kauacha.

Sasa hapa kikundini wana wiki ya maneno. Kila siku neno, kila siku picha, na Jumamosi ndugu wanaalikwa kutazama. Nitamaliza zote. Mimi niliyepiga kengele ya shule mpaka nikastaafu! Watoto wangapi wangezeekea darasani kama si mimi?

Neno la leo: mvua. Mvua haina umbo. Nikafumba macho. Nikaona birika kubwa juu ya mapaa, limeinama taratibu, linaumiminia mtaa mzima maji ya uvuguvugu, na watu wametoka na vikombe, hakuna anayesukumana. Nikachora birika. Wakapiga makofi. Mwalimu kasema nina jicho la ndani. Huyu mwalimu nilimfungia geti alipokuwa darasa la tatu. Alichelewa. Sijutii.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa, naye yumo. Jema lake kwangu: karatasi yangu haijakunjamana.

Jumanne, 5 Machi

Neno: dirisha. Nimechora birika linachungulia nje.

Shemeji kachora dirisha lenye kila msumari. Ametumia ile miwani yake ya kutazamia tumbo la saa. Nikamwambia jema: dirisha lake ni la kweli kiasi kwamba nasikia baridi. Akafurahi. Nilikuwa na maana kwamba linavuja.

Akaniuliza kwa sauti ya upole, wote wakisikia, "Shemeji, ndilo lile lililoungua?" Nikamjibu hili ni la sanaa.

Kumbe kila jioni anampigia dada yake simu kumpa habari zangu. Jasusi! Basi ampe na hii: nimemaliza picha mbili.

Jumatano, 6 Machi

Sikuamka vizuri. Nyumba imenyamaza sana. Hata bomba halidondoki. Nikajilaza tena nikaona niko kwenye uwanja wa shule, mweupe kama unga, nagonga kengele na hakuna sauti inayotoka, ila kila nikigonga yanatoka manyoya, na watoto wanayafukuza wakicheka kimyakimya. Nikaamka jioni imeingia. Nikajisemea kikundi basi. Picha ni za watoto.

Hodi mlangoni. Mwalimu. Kasema wamehesabu viti wakaona kimoja kitupu. Nikamwambia leo sina picha kichwani. Akasema hata mstari mmoja unatosha, tena uliopinda. Kisha akatoa kengele mkobani. Ya mkono, ya shaba, ina kutu kidogo shingoni. Kasema wanahitaji mtu wa kupiga kengele muda ukiisha, penseli ziwekwe chini, na haoni mwingine mjini wa kazi hiyo.

Vumbi liliniingia jichoni. Macho yote mawili.

Nikaenda. Neno lilikuwa furaha. Nimechora birika limevaa viatu. Nikapiga kengele, wote wakaweka penseli chini kwa pamoja, kaa! Mkono haujasahau. Watu wa kikundi hiki wana adabu kuliko shule nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata mbinu. Kengele ni yangu. Basi nikimaliza mimi, muda umeisha.

Neno: safari. Nikachora birika njiani, nikaweka na vumbi, nikapiga kengele. Shemeji alikuwa na baiskeli yenye gurudumu moja. La pili hajaligusa. Akaivuta saa yake mfukoni, kasema imebaki robo saa nzima. Nikamwambia, "Shemeji, saa husema ni saa ngapi. Kengele husema inatosha." Ukumbi ukacheka. Nilijiona kijana.

Lakini kikundi hiki hakiharibiki! Wakaikusanyikia baiskeli yake. Mama wa duka la vitambaa kasema inakimbia mpaka imeliacha gurudumu nyuma. Fundi magodoro kasema hata yeye anahisi upepo. Shemeji kaitazama baiskeli yake kama mtu anayemwona mtoto wake akitembea mara ya kwanza. Kasema hajawahi kuacha kitu nusu, hakujua kwamba kinaweza kuwa kizuri.

Mimi nimeacha vitu nusu tangu ujana. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Ijumaa, 8 Machi

Neno: bahari. Birika linaelea. Lakini nimeanza kuona hatari. Kesho mke wangu anakuja, shemeji mwenyewe kaniambia. Je, likitoka neno lisiloingia birika? Neno kama deni. Neno kama twiga. Twiga ana miguu mirefu mno, nitakwama magotini, na ndiyo itakuwa picha ya mwisho, haijakwisha, mke wangu kasimama mbele yake.

Mbinu kubwa. Wenzangu walipokuwa wanaosha vikombe niliumimina mkebe wote mfukoni. Nikajaza vikaratasi vyangu. Nilivikata mchana, nikaviandika polepole, ulimi nje. Vyote neno moja. Birika. Akichomoa yeyote, kulia, kushoto, chini kabisa, ni birika!

Mtu wa akili kama mimi angekuwa waziri, ila nilikuwa na kazi ya kengele.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika mistari ikipanda na kushuka. Si uzee. Ni mengi.

Fundi magodoro kachelewa kama kawaida yake, ndiye aliyechomoa. Birika. Mwalimu kakitazama kikaratasi, kayatazama maandishi, kanitazama mimi. Kisha kaufunika mkebe kwa mkono wake mwenyewe, kasema neno zuri, tuanze.

Hapo ndipo nilipogundua nilichokisahau. Neno ni la wote. Wote wakaanza kuchora birika! Wenye mikono, wenye macho, shemeji na miwani yake. Nilizungukwa na mabirika kama niko dukani.

Sikujali. Birika ni langu, siwezi kuharakishwa na wanafunzi. Nikachora mdomo, mdomo mzuri kweli, halafu nikafumba macho kidogo nichague kitako.

Nikaona ukumbi umejaa mvuke, mweupe, wa joto, unanukia nyumbani. Ndani ya mvuke mabirika yanapita moja moja kama watoto wakienda darasani. Kila moja likifika kwangu linaniamkia. Nami nimesimama getini na kengele, na simfungii mtu. Hata waliochelewa nawaambia piteni, piteni. Nyuma kabisa pakawa na moja jeusi, limeungua kitako, linachechemea. Nalo nikaliambia pita.

Ikalia kengele. Ngaa! Ngaa! Nikaruka nikasimama wima, nikapaza sauti, "Madarasani!"

Mbele yangu kasimama mke wangu. Kengele mkononi mwake.

Kumbe nililala nayo mapajani. Hakuna aliyeniamsha. Kwa sheria yao penseli haziwekwi chini mpaka kengele ilie, na kengele haikulia, basi wakaendelea tu kuchora. Ndugu walipoingia waliambiwa wakae kimya, mpiga kengele amepumzika. Kwa muda wote huo mabirika yao yaliota nakshi na maua. Birika la shemeji linang'aa mpaka dirisha la ukumbi linaonekana tumboni mwake.

Langu ni mdomo. Mdomo tu, unaning'inia hewani.

Mke wangu kapita ukutani. Mvua, dirisha, furaha, safari, bahari. Birika, birika, birika. Kafika kwenye mdomo. Nikaona mkono wake umeubana mkoba kwa nguvu. Nikajua anarudi kwa binti yetu.

Ikaja zamu ya mema. Kila mtu akausifu mdomo wangu. Shemeji alikuwa wa mwisho. Akavua miwani, akakohoa.

"Jema langu," kasema, "hili ndilo birika la shemeji pekee lisiloweza kuungua. Halina kitako."

Mke wangu akacheka. Kacheka mpaka kashika meza. Kicheko kile sijakisikia nyumbani tangu nilipoezeka banda kichwa chini, paa likadondoka siku hiyohiyo. Akavuta kiti, akachukua penseli yangu, akachora kitako. Kinene, kimepinda. Akatia mkono na kifuniko, na kwenye kifuniko kikono kidogo. Hajui kuchora hata kidogo. Picha ikabandikwa, wote wakapiga makofi.

Nikamwambia sehemu ile nilimwachia makusudi.

"Najua," kasema. "Mto wangu uko kwa mwalimu pale mlangoni. Ubebe."

Jumapili, 10 Machi

Ushindi! Yote yamekwenda kama nilivyopanga. Mdomo nilimtegea. Usingizi ulikuwa mbinu. Nimemaliza kitu, na mke amerudi, yuko chumbani anapanga nguo zake. Shemeji kanitumia salamu na saa ya mezani. Kasema ya kuniamsha. Nimeitoa betri, inapiga kelele.

Mwalimu kaniuliza kwa upole kama nimeona vikaratasi vyake. Nimemwambia nitamsaidia kuvitafuta. Wiki ijayo nitakuwa na mkebe wangu, na kikundi changu, mimi mwalimu. Kwanza nitatengeneza meza.

Leo nimeuanza tena ule mlango wa jikoni. Nimefika kwenye bawaba. Bado kidogo tu, nimeweka brashi chini nije kuandika. Mke kaleta birika jipya, la bati zito, nimemwambia asijisumbue, chai ya leo naipika mimi. Nimeshaliinjika. Nikafumba macho kidogo hapa mezani, nikaona mlango wa kijani peke yake katikati ya uwanja, ukifunguka na kufunguka, na nyuma yake mwanga tu.

Mke wangu anauliza kutoka chumbani hiyo harufu ni ya nini.

Nimemjibu ni rangi ya mlango.