Jumamosi za Kanyiva

Jumamosi, 3 Machi 1979

Leo tena! Wanawake sita kwa Kanyiva, mlango unatazamana na wangu. Mmoja anamsuka, mmoja anateka maji, wengine wanacheka tu. Wanatoka holi ya kanjo, hilo baraza la jiji, wanatembelea wazee wa hapa Shauri Moyo wasio na mtu. Kanyiva hakuzaa, basi kila Jumamosi nyumba yake ni kama arusi. Mimi nilizaa! Uchungu siku mbili, mvua inanyesha, mkunga amelewa, lakini hiyo ni hadithi ingine. Ngigi wangu anafanya kazi Industrial Area, hapo tu, mtu anatembea kwa mguu. Tangu Krismasi ya mwaka juzi sijamwona. Sasa nani ako na mtu, mimi ama Kanyiva? Lela, jirani yangu fundi wa nguo, ndiye ananiandikia. Anasema niende nimtafute Ngigi. Mama amtafute mtoto? Andika tu, Lela.

Jumatatu, 5 Machi

Nimeenda holi, na mimi niandikwe nitembelewe. Karani wa kanjo anaitwa Mirriam, msichana mzuri, miwani kubwa. Akauliza nina watoto wangapi. Nikasema sina hata mmoja. Rahisi hivyo! Akaandika. Mara Kanyiva akaingia: ee, Mama Ngigi, na wewe umekuja? Mirriam akatoa miwani. Akauliza Ngigi ni nani. Ningesema ni mbuzi. Ningesema ni jina la utani. Mdomo ukasema: alikufa. Kanyiva akapiga nduru, holi nzima ikasimama. Lela hataki kuandika hiyo. Nimemwambia dhambi ni yangu, kalamu ndiyo yake.

Jumatano, 7 Machi

Wamekuja kulia! Hiyo sikuwa nimefikiria. Nilitaka Jumamosi peke yake, nimepewa kila siku. Wanawake ishirini, na unga, na sukari, na sufuria kubwa ya holi. Wanauliza alikufa na nini. Nikasema tumbo. Kwa mwingine nikasema kifua. Alikuwa mgonjwa sana, huyo mtoto. Wanaimba vizuri! Nikalia kweli kweli, sijui kwa nini. Kanyiva amekaa karibu yangu kutoka asubuhi. Akanishika mkono, akasema sasa mimi na yeye tuko sawa. Mkono wake mgumu kama wa mwanamume. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia chai yake inapoa.

Ijumaa, 9 Machi

Shida. Hao wanawake wako na mabwana, na hao mabwana wanafanya kazi wapi? Industrial Area! Mmoja ameona Ngigi getini anakula mahindi, akatoka mbio. Wa pili alikuwa jasiri, akamgusa. Akamwambia pole sana, wewe ulikufa, mama yako ako kwa matanga. Saa kumi Ngigi akasimama mlangoni kwangu na ovaroli yake. Wimbo ukakatika katikati. Mama mmoja akapitia dirishani, na si mwembamba. Mirriam, naye alikuwa amekuja kulia, akafungua kitabu, akakata jina langu, hata hakukaa. Na Kanyiva? Akachukua leso yake, akavuka, akafunga mlango. Hiyo ndiyo iliniuma.

Walipoondoka wote, Ngigi akauliza: mama, kwani mimi nilikufa na nini? Nikasema tumbo, kwanza. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaangalia viatu vyake. Akasema ni kweli, amekaa sana bila kuja.

Jumapili, 11 Machi

Ngigi amekuja! Na bibi, na watoto, na nyama. Ameapa atakuja kila Jumapili. Nyumba imejaa mpaka mimi nimekosa kiti. Kwa Kanyiva jana hawakufika, ati wale wanawake wanaogopa mtaa huu sasa. Lela anasema nimemnyang'anya Kanyiva watu wake, na yeye ndiye alinililia kweli. Niende nimwombe msamaha. Ni kweli. Nitaenda. Kesho, ama hiyo kesho ingine.

Lakini Lela, usikunje karatasi, kuna jambo nafikiria. Ngigi nilimuua Jumatatu, Ijumaa akawa hapa. Siku tano tu! Sasa yule mdogo wake, Waringa, ameolewa Nakuru. Miaka mitatu hajakanyaga kwangu, hata barua. Nakuru ni mbali, najua, lakini habari ya msiba inafika popote. Na huyo hajafa hata mara moja.